Walitugawia kazi, feza ikabaki Kinshasa

Ndugu raia, vijana wenzetu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kalemie, na ninyi wote munaosoma haya ku simu mukingojea umeme urudi,

Leo tunakuja na swali moja. Tunaomba kila mmoja wenu alibebe mpaka ku biro ya mkubwa wake: kazi ya Leta imegawanywa kati ya nani na nani, na feza ya kuifanya iko kwa nani?

Musiwaachie ba avoka peke yao swali hili. Linamhusu mama anayeuza mboga pembeni ya mfereji uliojaa plastiki. Linamhusu mwalimu anayeingia mwaka wa tatu darasani bila mshahara. Linamhusu kijana wa taksi-moto anayelipishwa vikaratasi vitatu kabla ya saa tatu asubuhi, kila kimoja na muhuri wake. Linatuhusu siye wenye diplome ndani ya bahasha, tunaoambiwa kila siku kwamba jimbo halina feza ya kuajiri, na inchi ile ile inauza shaba na kobalti dunia nzima.

Msimamo wetu ni huu. Katika inchi yetu walifanya mgawanyo nusu. Kazi ilishuka mpaka jimbo na komini, feza ikabaki juu. Kugawa kazi bila kugawa feza ni kugawa lawama. Na tunaongeza neno la pili, lile ambalo ba gavana na ba meya hawapendi kusikia: feza ikishuka mahali ambapo hakuna mtu wa kuulizwa, itatajirisha tu mkubwa mwingine aliye karibu zaidi na nyumba yetu.

Katiba iko wazi, tuisome

Katiba ya 18 Februari 2006 ilitoka kwa kura ya wananchi. Haikuandikwa kwa kupamba kabati. Kifungu cha 202 kinataja kazi za serikali ya kati peke yake: jeshi, mambo ya inje, feza ya inchi, forodha. Kifungu cha 204 kinataja kazi za majimbo peke yao: shule za watoto wadogo, za primeri na sekondari, kupanga wafanyakazi wa afya mahali pa kazi, usafi wa jimbo, biashara ndogo ya mipakani, na kadhalika. Kati ya hivyo viwili, kifungu cha 203 kinataja kazi za kushirikiana.

Kisha inakuja feza. Kifungu cha 175 kinasema sehemu ya majimbo katika mapato ya taifa ni 40%, na inazuiliwa pale pale inapotoka. Musome tena maneno hayo: inazuiliwa inapotoka. Maana yake, feza ya jimbo haipashwi kusafiri mpaka Kinshasa, kulala ku akaunti ya hazina, kisha kungojea mkubwa mmoja aamke vizuri ndipo itume kiasi anachotaka.

Hayo njo yanafanyika mpaka leo. Reje za taifa zinakusanya: DGI kodi, DGDA forodha, DGRAD mapato mengine ya Leta. Feza inapanda yote. Halafu kitu kidogo kinarudi, mara kije, mara kisije, na bakubwa wamekipatia jina: retrosesioni. Jina lenyewe linatoboa siri. Huwezi kumrudishia mtu kitu ambacho hakikutoka mkononi mwake. Walichukua cha jimbo, sasa wanakirudisha vipande vipande na tunapashwa kupiga makofi. Tangu 2006 hakuna mwaka ambao majimbo yalipata 40% yao kwa njia ambayo Katiba inasema. Marais wamebadilika, mawaziri wa feza wamebadilika, wabunge wamebadilika. Zoezi limebaki lile lile.

Tena hesabu haiishii ku gavana. Sheria ya 7 Oktoba 2008 juu ya miji, komini, sekta na sheferi inasema hizo nazo zinapata 40% ya sehemu ya jimbo. Tufanye hesabu ya shule ya primeri. Ku franka 100 za mapato ya taifa, 60 ni za serikali ya kati na 40 ni za majimbo. Ku hizo 40, franka 16 ni za komini, miji, sekta na sheferi. Jimbo linabaki na 24. Kijana, uliza burugumesta wako leo: zile 16 ulishaziona?

Na kwa majimbo yasiyo na migodi wala mpaka mkubwa wa biashara, Katiba iliweka kifungu cha 181: Sanduku la taifa la kusawazisha, linalopashwa kulishwa na 10% ya mapato ya taifa kila mwaka, kusudi Sankuru na Tanganyika wasiachwe nyuma na Lualaba na Haut-Katanga. Sheria ya kupanga kazi ya sanduku hilo ilitoka 2016. Miaka kumi baada ya Katiba! Wakati huo, mwaka 2015, walikuwa wameshakata inchi: kutoka majimbo 11 tukafika 26. Katanga moja ikazaa nne. Basi wakazalisha watoto wanne, na sanduku la kuwalisha lilikuwa bado halijapata sheria. Majimbo mapya yalipata gavana, kabine, wabunge wa jimbo, magari yenye vioo vyeusi. Shule na barabara ziliambiwa zingojee.

Barabara moja, mabiro mengi

Tuchukue mfano ambao kila mmoja anaukanyaga: barabara ya kartie iliyokatika katikati.

Nani anapashwa kuitengeneza? Kuko Office des Routes kwa barabara kubwa za taifa. Kuko OVD kwa barabara na mifereji ya ndani ya miji. Kuko biro ya taifa ya barabara za mashamba. Kuko FONER, iliyoundwa 2008, ya kukusanya na kugawa feza ya matengenezo. Kuko wizara ya kazi za umma ya Kinshasa, na kuko wizara ya kazi za umma ya jimbo. Kuko muji na meya wake. Kuko komini, ambayo sheria ya 2008 inaipatia barabara zake ndogo, mifereji, masoko na kuondoa takataka. Mabiro nane kwa shimo moja.

Mngesema basi shimo litajazwa mara nane. Aka! Kila biro ina sababu yake. Huyu atakuambia barabara ni ya muji, yeye anashughulika na ile ya taifa. Yule atakuambia kazi ni yake kweli, lakini feza iko kwa mwingine. Wa tatu anasema aliandika barua Kinshasa, anangojea jibu. Wa nne, aliye chini kabisa, hana gari, hana mafuta, hana mchanga, lakini yeye njo anatukanwa na wakaaji juu anakaa karibu. Mkono mtupu haulambwi, wazee walisema. Siye tumefundishwa kuutukana mkono mtupu na kuuachia ule uliojaa.

Na feza ipo! Kila litre ya mafuta inayotiwa ku moto au ku taksi-basi ina ndani yake sehemu ya matengenezo ya barabara. Kila lori linalopita ku peaje kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa linalipa. Anayelipa tunamjua: ni siye, ku bei ya safari, ku bei ya unga, ku bei ya sabuni. Anayepashwa kutumia ile feza njo tunatafuta na taa mchana. Mgawanyo wa kazi uliovurugika namna hii unafaa watu fulani. Biro nane zinapokaa juu ya kazi moja, kila mmoja ana mlango wa kukimbilia, na raia anabaki anazunguka na karatasi yake mpaka anachoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta; hapa kwetu ufa una wakubwa nane na ukuta umeshaanguka.

Shule ni ya jimbo, mwalimu ni wa Kinshasa

Mfano wa pili unatuuma siye wenye diplome zaidi.

Kifungu cha 43 kinasema shule ya primeri ya serikali ni ya lazima na ya bure. Septemba 2019 serikali ilianza kutimiza neno hilo, na tulifurahi. Hatutaki kurudi nyuma kwenye zile primu ambazo wazazi walilipa wakiuza mbuzi. Lakini tuangalie mgawanyo. Kifungu cha 204 kinasema shule ni kazi ya jimbo. Orodha ya walimu wanaolipwa inashikwa Kinshasa, na ile idara iliyoitwa SECOPE, ambayo leo inaitwa DINACOPE. Jimbo lina waziri wa elimu ambaye hawezi kumtia mwalimu hata mmoja ku listi ya mshahara. Kinshasa ina listi, lakini haioni darasa la watoto mia moja wanaokaa chini ya paa la majani.

Matokeo munayajua. Shule za bure zilijaza watoto. Watoto walihitaji walimu. Walimu walipatikana, wengi wao vijana kama siye, wakapewa jina la N.U., unite mpya, na wengine N.P., wasiolipwa. Fikiria aibu hiyo: Leta ina kifupisho rasmi cha mtu inayemtumikisha bila kumlipa! Anasahihisha daftari, anasimamia mtihani, anaitwa mwalimu na wazazi, na jioni anaenda kuuza makala kusudi ale. Akienda jimboni, wanamtuma Kinshasa. Akiandika Kinshasa, wanamwambia apitie jimboni. Akigoma, wanamwambia anaharibu mustakabali wa watoto. Nani aliharibu?

Hapa tunasema bila kuzunguka: anayepewa shule apewe pia feza ya shule na listi ya walimu, au anayeshika listi aje yeye mwenyewe asimame mbele ya wazazi. Haiwezekani mmoja ashike kalamu na mwingine ashike fimbo ya kupigwa nayo.

Teritware 145: feza inaruka juu ya vichwa

Watatuambia: Kinshasa haikukaa bure, ilileta programu ya teritware 145. Ni kweli, na shule au kituo cha afya kinapojengwa mahali ambapo hakukuwa kitu, hatuwezi kukilalamikia. Mama anayezaa kwenye kitanda safi hatamuuliza mjenzi sheria namba ngapi.

Lakini tuangalie njia. Feza ilipita Kinshasa. Kazi iligawiwa mashirika matatu: PNUD, ambalo ni la Umoja wa Mataifa, na mengine mawili ya serikali, BCeCo na CFEF. Majimbo, ambayo Katiba inayapatia shule, yalibaki kuangalia na kuvaa vitambaa siku ya kukata utepe. Tena programu ilijengwa juu ya teritware. Katiba, kifungu cha 3, inataja vyombo vya chini vinavyojitawala: muji, komini, sekta na sheferi. Teritware haimo. Teritware haina baraza la kuchaguliwa wala bajeti yake yenyewe; mkubwa wake ni mtumishi wa serikali ya kati. Kwa hiyo walichagua kutuma feza mahali ambapo hakuna raia mwenye haki ya kusema ndiyo au hapana. Shule ikisimama katikati, ukuta bila paa, mkaaji amuulize nani? Administrata atasema hakusaini kitu. Gavana atasema hakusaini kitu. Waliosaini wako mbali, na simu yao haipatikani.

Hii njo tunaita kugawa zawadi mahali pa kugawa haki. Zawadi inategemea moyo wa mtoaji na kalenda ya uchaguzi. Haki ina namba ya kifungu.

Sasa tuongee na wakubwa wa hapa kwetu

Tukiishia hapo, ba gavana watachapisha tangazo letu na kulibandika ku ukuta wao. Wangoje kidogo.

Ku madini, sheria ilishafanya ile kazi ambayo tunaomba. Kodi ya madini iliyobadilishwa Machi 2018 inagawa redevansi hivi: 50% kwa serikali ya kati, 25% kwa jimbo, 15% kwa komini, sekta au sheferi ambamo mgodi upo, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15% haingojei retrosesioni. Kampuni inalipa moja kwa moja ku akaunti ya mahali. Na kobalti, tangu ilipoitwa madini ya mkakati mwishoni mwa 2018, inalipishwa 10%. Kwa hiyo ku Haut-Katanga na Lualaba kuko komini na sheferi ambazo zinaingiza feza ambayo wazee wao hawakuiota hata usingizini.

Basi uliza: nani alishaona bajeti ya komini yake imebandikwa ku mlango? Nani anajua mwaka huu redevansi ilileta ngapi, na ngapi ilienda ku safari, ngapi ku magari, ngapi ku soko? Kijana wa kartie iliyo karibu na mgodi anakunywa maji ya kisima yenye rangi, na ng'ambo ya ukuta lori linapita mchana na usiku. Mgodi ukigusa mipaka ya komini mbili, wakubwa wa pande zote wanakimbilia mahakamani kugombania 15%. Hatujaona wakubwa wawili wakienda mahakamani kugombania nani atachimba mfereji.

Juu ya nini? Juu hakuna mtu wa kuulizwa. Sheria inasema burugumesta anachaguliwa na baraza la komini, na baraza linachaguliwa na wakaaji. Desemba 2023 tulipiga kura ya madiwani wa komini, tena si inchi nzima. Lakini ba burugumesta na ba meya tunaowajua wote ni wa kuteuliwa. Mtu aliyeteuliwa anaangalia juu, kwa yule aliyemteua. Hatazami chini, kwa yule anayekanyaga matope. Ukimpatia feza mtu huyo, atailinda nafasi yake kwanza.

Ndiyo sababu tunasema vitu vitatu vinapashwa kutembea pamoja: kazi, feza, na mtu wa kujibu. Kazi bila feza inazaa lawama. Feza bila mtu wa kujibu inazaa nyumba za ghorofa za watu wachache. Mtu wa kujibu asiye na feza tunamchosha na kumtukana bure.

Wanayotujibu

Wanasema: majimbo hayana uwezo, feza itaibiwa. Sawa. Je, ile inayobaki Kinshasa haiibiwi? Kama wizi ungekuwa sababu ya kumnyima mtu feza, hazina ya Kinshasa ingefungwa zamani. Dawa ya mwizi ni ukaguzi na kifungo, jimboni na Kinshasa. Tena uwezo unakuja kwa kazi. Hakuna mtu aliyejifunza kuendesha moto kwa kuangalia mwingine akipita.

Wanasema: inchi iko na vita, huu si wakati. Tunajua vita kuliko wao. Goma iliangukia mikononi mwa M23 Januari 2025, Bukavu Februari. Ndugu zetu wa kule wanalala na hofu, na hatuwezi kuandika juu ya mifereji bila kuwakumbuka. Lakini jeshi ni kazi ya serikali ya kati, na Katiba iliiachia 60 ku 100. Vita haikufuta kifungu cha 175. Wakimbizi wanapofika Kalemie au Lubumbashi, ni shule za jimbo, hospitali za jimbo na visima vya komini vinavyowapokea. Jimbo lisilo na kitu litawapokea na nini?

Wanasema tena, kwa sauti ya chini: mukidai feza ya jimbo, munataka kujitenga. Hapa ku Katanga neno hilo lina kovu. Kila mtoto hapa anajua Julai 1960 na anajua ilivyoishia Januari 1963. Basi tuseme wazi. Hatudai feza ya Katanga kwa Wakatanga. Tunadai Katiba ya Kongo kwa Wakongomani. Haki hii ni ya Kananga na Mbuji-Mayi kama ilivyo ya Lubumbashi, na ndiyo maana tunadai sanduku la kusawazisha pamoja na 40%. Mwanasiasa atakayechukua hoja hii na kuigeuza kuwa jiwe la kumtupia jirani kutoka Kasai, asitufuate, hatuko naye. Tena tukisema Kinshasa, tunasema wanaoshika hazina. Kijana wa Masina au Kimbanseke, anayevuka mafuriko akienda kutafuta kazi, ni ndugu yetu katika shida hii. Muji wake nao ni jimbo, na unadai sehemu yake kama sisi.

Tunadai nini

1. Kifungu cha 175 kitumike jinsi kilivyoandikwa. 40% izuiliwe inapotoka, na neno retrosesioni litoke ku bajeti.

2. Kila mwezi wizara ya feza itangaze jimbo gani lilipata ngapi na siku gani. Gavana naye atangaze alipokea ngapi na komini zilipewa ngapi. Namba mbili zikipishana, mmoja wao anadanganya na tutajua.

3. Sanduku la kusawazisha lilishwe 10% yake, na listi ya miradi yake iwe wazi kwa watu wote.

4. Kila barabara, mfereji, soko na shule iwe na mwenye kazi mmoja anayejulikana. Mabiro yanayokaa juu ya kazi moja yagawane kwa maandishi, na karatasi hiyo ibandikwe.

5. Walimu wote wa N.U. na N.P. wahesabiwe katika kila jimbo, mbele ya wazazi na sindika zao, na walipwe.

6. Kila komini, sekta na sheferi inayopata redevansi ya madini ibandike ku mlango wake mapato na matumizi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kila miezi mitatu.

7. Ba burugumesta na ba meya wachaguliwe. Mabaraza ya komini yapewe nafasi na vyombo vya kukagua.

8. Oktoba 2024, ku Kisangani, Rais alifungua mjadala wa kubadili Katiba. Tunamkumbusha yeye na wote wanaomshangilia kwamba kifungu cha 220 kinakataza kabisa badiliko lolote la kupunguza haki za majimbo na vyombo vya chini. Mbele ya kutafuta Katiba mpya, watumie hii ambayo hawajaitumia.

Na wewe, kijana

Usisome halafu upitishe kidole. Kuko kazi ya wiki hii.

Kusanya watu watano wa avenie yako. Chagueni shida moja tu: mfereji, taa ya barabara, darasa, soko. Andikeni barua fupi, ukurasa mmoja, yenye maswali matatu: Kazi hii ni ya nani? Feza yake iko wapi? Nani anajibu? Wekeni majina na sahihi. Pelekeni ku komini, ku muji na ku jimbo siku moja, na kila mahali wakupigieni muhuri wa kupokea ku kopi yenu. Kifungu cha 27 cha Katiba kinawapa raia haki ya kupeleka ombi kwa mkubwa wa serikali, mmoja au kwa kikundi, na mkubwa anapashwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Hesabuni siku. Bandikeni tarehe ku ukuta wa nyumba.

Wakijibu, leteni jibu mbele ya wakaaji wote na lisomwe kwa sauti. Wasipojibu, tutarudi pale pamoja, kwa amani, mikono mitupu na kopi zenye muhuri, na tutakaa mbele ya mlango mpaka mtu atoke aseme neno. Hakuna jiwe, hakuna tairi ya kuchoma, hakuna tusi. Wanatujua tukiwa na hasira. Bado hawajatujua tukiwa na hesabu.

Walitugawia kazi ya kuvumilia. Hiyo tumeifanya miaka ya kutosha, bila mshahara. Sasa tunachukua kazi ya kuuliza, na hatutaiacha mpaka franka 16 ku 100 zionekane ku mlango wa komini.